Bahasha Moja kwa Wagonjwa Wote

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko kwenye kambi ya daraja, na vumbi la saruji likupungukie. Natumaini miguu imeacha kuvimba na usingizi unakuja. Ukitaka kujua hali yangu, mwili unatembea na chakula kinapita, ila moyo umekaa upande kama mlango uliong'oka bawaba. Watoto hawajambo. Shemeji naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Nitazifikia, usiruke mistari.

Nimekupigia mpaka yule mwanamke wa kwenye simu anayesema hupatikani nimemzoea kama jirani. Tangu ulipopata majibu ya vipimo na kuniandikia yale maneno yako mafupi, "Nimeona. Mama watoto asijue. Akijua, sirudi," umezima simu. Daktari wetu akinikuta koridoni ananiuliza uko wapi. Anasema figo zako zimechoka, damu inatakiwa isafishwe kwa mashine, na jambo hili halisubiri mkataba wa daraja uishe. Mimi namjibu kwamba uko njiani. Kaka, nimekuweka njiani mpaka njia yenyewe imeniishia. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori la saruji, akukabidhi mkononi.

Sasa nisikilize. Unanijua mimi, mtu wa darasa la sita, niliyeacha shule kwa sababu mwalimu aliishiwa na cha kunifundisha. Hapa kliniki nilianza kwa kubeba mafaili, lakini siku hizi wauguzi wananiita Profesa, na si kwa kejeli, au kama ni kejeli basi ni ya heshima. Binti yako alipotutengenezea ile programu ya kutuma majibu ya vipimo kwa barua pepe, nani alikabidhiwa kuiendesha kila asubuhi? Mdogo wako. Alinikalisha akanieleza kwamba ndani ya programu kuna kitu kama kalibu ya kufyatulia matofali, na kila mgonjwa anafyatuliwa barua yake. Kila barua ina kichwa chake, yaani yale mambo ya kwenye bahasha: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inahusu nini, ya tarehe gani. Kichwa hicho hukigusi kwa mkono. Unaiambia barua yenyewe, nayo inajipanga. Ukiiambia iongeze mpokeaji, inaongeza. Nikamwambia hayo yote niliyajua tangu zamani, nilikuwa nangoja tu mtu wa kuyasema. Alicheka, akaniambia, "Haya, Baba Mdogo, ila usiguse mistari."

Nikagusa mistari.

Unajua bahasha zetu za kaki za ofisini. Ikifika kwa mhasibu, mhasibu anakata jina lake kwa kalamu, anaandika la mtu wa stoo chini yake, na bahasha inaendelea na safari. Bahasha moja mimi naweza kuizungusha mpaka inakuwa laini kama leso. Daktari mwenyewe alishawahi kunisifu mbele za watu kwa kubana matumizi. Basi binti yako aliposafiri kikazi, nikaona kompyuta inasuasua kama punda mwenye mzigo wa chumvi. Nikaifungua programu. Nikakuta mstari unaosema barua mpya, nao umewekwa ndani ya mzunguko: mgonjwa huyu, barua mpya, mgonjwa yule, barua mpya. Nikasema huu ni ufujaji. Nikautoa mstari ule, nikaupandisha juu, nje ya mzunguko. Bahasha moja kwa wagonjwa wote. Kaka, mashine ilikimbia mpaka feni ya dari ikajiona mvivu. Wauguzi walinipigia makofi, nikanywa chai nimekunja nne.

Nilichosahau ni kwamba mashine haina kalamu ya kukata jina. Maneno ya ndani yalibadilika kwa kila mgonjwa, lakini kule kwenye kichwa majina yaliongezwa tu, moja chini ya jingine. Wa kwanza akapata yake. Ya wa pili ikaenda kwake na kwa wa kwanza. Ya wa tatu wakaipata wote watatu. Aliyekuwa juu kabisa alisoma maradhi ya mji mzima, na aliyekuwa chini kabisa alisomwa na mji mzima. Wa juu kabisa alikuwa fundi cherehani wa jirani na soko. Alikuja na simu mkononi, mtu mstaarabu, akauliza kwa upole kwa nini kliniki inampongeza kwa mimba.

Sikukimbia. Wengine wangesema mashine imerogwa, na nakiri ulimi ulikwishaanza kuelekea huko. Lakini nilipoona daktari anamtafuta binti yako kwenye simu kwa hasira, nikamwambia ni mimi. Amenirudisha kwenye mafaili, na kompyuta nimekatazwa hata kuipangusa vumbi. Binti aliporudi nilitaka anifokee, maana nilistahili. Hakufoka. Aliuangalia ule mstari, akaurudisha ndani mahali pake, akanitazama kwa macho yaleyale ya mama yetu, akasema, "Baba Mdogo, bahasha mpya haigharimu kitu."

Kaka, kama umesimama, kaa.

Siku ile nilipokupitisha mlango wa nyuma ukatolewe damu, shemeji alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele kupima sukari. Hamkuonana, na mimi nikajisifu moyoni kwamba hata mkuu wa majeshi hajui kupanga hivyo. Kumbe niliwapanga kwenye orodha moja. Jina lake likiwa juu, lako chini.

Sikuligundua hilo mara moja, nilikuwa nazima moto wa fundi cherehani. Nililigundua nyumbani kwako. Nilikwenda kumtuliza shemeji, nikamwambia umepandishwa cheo, kwamba mainjinia wamegoma kuchomelea nguzo yoyote mpaka wewe uikague, na kwamba simu huna nafasi ya kuishika kwa sababu ya wageni wa wizara. Aliniacha nimalize. Kaka, hata chai aliniongezea ili nisikauke koo. Halafu akainuka, akaichukua simu yake pale inaposimama siku hizi, jikoni, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, uso nje. Akanionyesha majibu yako ya figo. Ameyajua tangu dakika uliyoyajua wewe.

Nikaona dunia inazunguka na mimi ndiye niliyeichomoa mhimili. Niliwaza maneno yako, akijua sirudi, nikajua nimekuua kwa kubana matumizi. Nikaanza kulia, mimi ambaye hata msumari ulipopita kwenye kisigino nilipiga mluzi. Yeye hakulia. Aliteremsha kidole kidogo, akanionyesha alichokujibu siku ileile. Nakinakili hapa kama kilivyo:

"Baba watoto, nimeona. Figo ninazo mbili. Rudi nyumbani."

Hakujua kuchagua mtu wa kumjibu. Alibonyeza ile ya kujibu wote, na jibu likafuata majina yote ya kwenye kichwa. Kaka, watu waliokuwa wamekuja kliniki kutushitaki walisoma maneno yale wakarudi makwao. Mwalimu mmoja mstaafu alimwandikia kumtia moyo. Fundi cherehani ameacha kuniuliza habari za mimba, sasa kila nikipita ananiuliza, "Yule bwana amejibu?" Mji mzima umelisoma lile jibu. Ambaye hajalisoma ni mmoja tu, naye kazima simu kambini.

Daktari anasema figo ya mtu haitolewi kama kuazima nyundo. Kwanza mpimwe nyote wawili, na wewe usafishwe damu upate nguvu. Hilo haliwezekani ukiwa huko. Siwezi kukuahidi kupona. Mimi ninayeahidi kila kitu, hili siliahidi. Mficha maradhi kilio humfichua, wewe umefichuliwa mapema na mdogo wako mjinga, basi itumie hiyo bahati mbaya. Washa simu. Fungua ile barua ya majibu, gusa pale juu penye mshale mdogo ambapo hakuna anayegusa, uone ilikwenda kwa nani. Utaona jina la mkeo juu ya lako. Kisha soma inayofuata. Dereva anageuza lori mara tu akishusha mizigo, na nimekwisha kumwomba akuachie kiti cha mbele. Usimrudishe na barua. Panda wewe.

Watoto wanakusalimu. Binti yako anakusalimu, anasema hajakukasirikia. Fundi cherehani anakusalimu, mwalimu mstaafu anakusalimu, na mwenye mimba yake anakusalimu pia. Hawakujui sura, wanakujua figo tu, ila wanasubiri. Shemeji hakutuma salamu. Amesema yake alikwishaituma.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa, wa mafaili