Uyoga wa Mipainini

Jumatatu, 13 Januari

Mvua tangu asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Siku nzuri kwa supu. Rameni imeisha kabla ya saa nane. Mabinti wa saluni wamekuja tena, wanakula kwa vijiti huku wanajipiga picha. Tamthilia za Kikorea zimewaingia hadi wanasalimiana kwa kuinamiana. Mmoja ameangusha yai kwenye sketi, akalila hivyo hivyo.

Mtaa wetu huu wa Lyamkena, hapa Makambako, siku hizi ndio wa kuonekana: saluni tatu, duka la simu, banda la juisi, na mimi na kibao changu, CHAKULA CHA KIJAPANI NA KIKOREA. Miaka tisa nilipika kwenye majiko ya watu Dar. Sasa jiko ni langu.

Mama bado anaita rameni tambi za maji. Kimchi anasema ni kabichi iliyosahauliwa. Lakini anaichambua na kuitia pilipili mwenyewe, na hataki mtu aiguse. Tangu baba afariki na nikamtoa mama kijijini Wanging'ombe mwaka jana, bila yeye jiko haliendi.

Jumatano, 15 Januari

Uyoga mkavu wa Kijapani umeisha. Mzigo wa Dar umekwama, mwenye duka hapokei simu. Na Ijumaa mchana kuna ofisi moja wameagiza supu ya uyoga, watu kumi na wawili, wanamuaga bosi wao. Nimenuna siku nzima. Nimemfokea mama kwa kijiko tu kilichoanguka.

Kaniambia nchi yote hii imejaa uyoga, mimi nalilia wa kwenye pakiti. Nikamjibu basi nenda kautafute. Kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 16 Januari

Mama ameondoka mapema kwenda kwenye msitu wa mipaini, saa tano amerudi na ndoo imejaa. Mweupe, mnene, mzuri kuliko wa pakiti. Kwao Wanging'ombe wanawake walikuwa wanamletea vikapu mlangoni awaamulie upi unalika. Amekagua mmoja mmoja. Wenye matundu ya wadudu akasema ndio salama zaidi, mdudu si mjinga. Akauchemsha na kitunguu, kitunguu hakikugeuka rangi, akasema basi hauna sumu. Akala bakuli zima peke yake mchana.

Hapo ndipo tulipogombana. Nilitaka kuandaa mchuzi wa kesho leo hii. Akakataa. Mchumaji hula kwanza, wengine husubiri jua la kesho, ndivyo alivyolelewa. Nikamwambia hapa ni mgahawani, si porini. Akafunika sufuria, akaweka kigoda mbele yake, akakaa kama mlinzi wa benki. Nakwenda kulala na hasira zangu.

Ijumaa, 17 Januari

Mama anatapika tangu alfajiri. Anaharisha maji matupu. Nimemwaga sufuria yote chooni, na uliobaki kwenye ndoo. Nimempeleka zahanati. Nesi kauliza amekula nini. Nikasema wali na maharage, labda ni maji.

Naandika hili nilione: nilidanganya. Nilimwogopa bwana afya. Neno uyoga likitoka pale, kesho mlango wangu una kufuli. Mama alinitazama, akageukia ukutani.

Mchana nimewapikia wale kumi na wawili supu ya mayai na majani ya vitunguu. Wamesifia.

Jumamosi, 18 Januari

Dripu ya tatu. Macho yameingia ndani. Najiambia mwili unatoa uchafu, utaisha.

Jumapili, 19 Januari

Ameamka mzima. Kutapika kumekoma, kaomba uji, kaumaliza. Amemtania nesi kwamba sindano yake ni ya ng'ombe. Nimekwenda nyuma ya zahanati nikalia kwa furaha. Kanisani sikwenda. Mungu atanielewa.

Jumatatu, 20 Januari

Tumeruhusiwa. Mchana mama yuko jikoni anachambua kabichi, nimemkataza hasikii. Kaomba tusimwambie mtu, hasa Mama Sanga, jirani na shoga yake. Atamcheka hadi Pasaka: fundi wa uyoga kaharishwa na uyoga. Tumecheka wote. Nikaona siri hii imetufaa, kila mtu kwa sababu yake.

Jumanne, 21 Januari

Macho ya mama ni ya njano. Asubuhi nilidhani ni mwanga wa dirisha. Mchana akaniita kwa jina la dada yake, marehemu. Nimekodi gari hadi hospitali ya Njombe. Njia nzima kichwa chake mapajani mwangu, anaongea Kibena kitupu, anaulizia ng'ombe tuliouza zamani.

Daktari kauliza amekula nini. Safari hii nimesema. Uyoga, siku gani, kiasi gani. Akaacha kuandika. Kasema uko uyoga unaoharisha, halafu unamwachia mtu siku moja mbili ajione amepona, kumbe unamaliza ini. Kuchemsha hakuutoi sumu. Mdudu anaweza kuula asife. Kauliza kwa nini zahanati hawakuambiwa Ijumaa, huenda wangemleta huku mapema. Huenda, kasema, hana hakika.

Nimemwambia sijui. Najua.

Alhamisi, 23 Januari

Mama amefariki saa nne asubuhi. Sina la kuandika.

Jumatatu, 27 Januari

Tumemzika Jumamosi, Wanging'ombe, kando ya baba. Watu wengi. Kwenye chakula cha msiba nimesikia kwa masikio yangu: chakula cha Kijapani ndicho kilichomuua, binti yake alimlisha vitu vibichi. Nilikuwa nimeshika beseni la wali. Nikaendelea kupakua.

Kaka Festo, mkubwa wetu, anajua yote, nilimwambia kulekule Njombe. Kasema waache waseme. Mgahawa ukifa utafungua mwingine, jina la mama likiharibika nani atalifungua upya. Miaka yote watu wamekula uyoga kwa kumwamini yeye, leo nimtangaze kwamba hakujua? Sikubishana. Nilifarijika, na hilo ndilo baya. Nikinyamaza juu ya mama, nimenyamaza na juu ya zahanati.

Alhamisi, 30 Januari

Nimerudi Lyamkena. Nimefungua, hakuna aliyeingia. Mabinti wa saluni wanapita ng'ambo ya barabara. Kimchi ya mama inachacha kwenye ndoo zake, siwezi kuifungua.

Saa nne nimeona wanawake watatu wanatoka upande wa mipaini na ndoo kichwani. Nimewakimbilia na aproni yangu. Uyoga mweupe, umejaa mpaka juu. Nikauliza wamechuma wapi. Mmoja akajibu, "Palepale alipokuwa anachuma marehemu. Tulimwona siku ile. Mama yako hakuwa mtu wa kubahatisha."

Wawili wamekubali kumwaga. Wa tatu kaniambia nina wivu wa biashara. Nimeipiga teke ndoo yake. Kanitukana mbele ya banda la juisi, watu wakatoka kutazama. Haki yake.

Lakini siwezi kupiga teke kila ndoo ya Makambako. Mvua haikati. Wanachuma kwa sababu mama alichuma.

Ijumaa, 31 Januari

Nimempigia Kaka Festo. Nimemwambia Jumapili nitasema kanisani. Kasema nikifanya hivyo nisikanyage kwake. Kisha akakata.

Sijala. Naogopa kuliko nilivyoogopa Njombe.

Jumapili, 2 Februari

Mchungaji kanipa nafasi wakati wa matangazo. Nilisimama bila karatasi. Nimesema mama alikosea. Uyoga wa porini kwao aliujua, huu wa mipainini hakuujua, na unafanana. Nimesema tundu la mdudu si ushahidi, wala kitunguu. Anayeharisha kisha akapata nafuu asirudishwe nyumbani. Nimesema alikula kwanza yeye, akalinda sufuria dhidi yangu, na ndiyo maana watu kumi na wawili wako hai. Nikasema na la zahanati. Kwamba niliuogopea mgahawa.

Kaka hakuwepo. Wakati wa kutoka walinipisha njia pana, salamu ya kamwene hata moja sikupewa.

Jioni Mama Sanga amekuja, amebeba mfuko wa rambo umefungwa mafundo mawili. Uyoga mkavu. Mama alimwelekeza mahali siku ile ile ya Alhamisi, naye kaenda kesho yake, akaukausha juu ya bati. Ulikuwa uondoke kesho asubuhi na basi, wa kumpelekea binti yake Njombe, aliyejifungua juzi.

Nimechukua jembe. Tumechimba nyuma ya choo, yeye ameshika taa ya simu ingawa bado kulikuwa na mwanga. Tumeufukia na mfuko wake. Hakunilaumu, wala hakunipa pole. Amenawa mikono kwa sabuni mara mbili, akajifuta kwenye kanga. Akaniuliza kama nimekula leo. Nikamwambia bado.