Bao Nililolipakia Kwenye Lori

Jumatano, baada ya isha

Na huu mdomo wangu. Leo mwalimu wa vijana wa mgambo alipita barazani, anatafuta mchezo wa kuwafunza akili za vita. Yeye alifikiria drafti. Nikamwambia drafti ukila kete unaitoa nje, basi. Bao ndiyo vita yenyewe: kete za adui unazipanda upande wako, zinakupigania wewe. Nikamtolea bao langu la mninga alishike.

"Unacheza na nani, mzee?"

Nikajifanya natafuta kete. Nilicheza na shemeji Bakari miaka yote kule Mingoyo. Siku ya kuhamishwa kwa lori kuletwa kijiji hiki tuliambiwa tubebe vitu vichache, nikapakia bao kwa ajili yake. Kinu cha mke wangu Zuhura nikakiacha uani. Bakari wakamshusha kijiji kingine.

Zuhura alikuwa ndio anarudi kutwanga kwa jirani, ungo wa unga kichwani. Alimjibu kwa upole kabisa.

"Lichukue tu, mwalimu. Tangu tuje halijatwanga hata punje."

Mwalimu alicheka. Sisi wawili hatukucheka.