Alizeti Aliyoinusa Mama Mkwe

Shoga, nimempokonya mama mkwe mtarajiwa ua mkononi! NIMEMPOKONYA!

Kaja kuniona kazini, hapa maabara. Nageuka kuvaa koti, kurudi hivi, mama kachuma alizeti yetu ya majaribio, ile iliyonawiri kuliko zote, anainusa!

Nikaruka. "Mama, acha, ina sumu!"

Nikamwosha mikono kama mtoto huku namweleza: udongo wa chungu cha ua hilo umejaa madini ya risasi. Alizeti inayavuta kwa mizizi, inayafungia ndani ya seli zake yasiidhuru.

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Inameza sumu yote hiyo na bado inachanua?"

"Ndiyo, mama."

Shoga, alicheka mpaka akashika sinki! "Basi mwanangu kachagua vizuri. Wewe ukoo wetu utauweza."