Muhuri Ulioutundika

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 16 mwezi wa tano, 2025

Mpendwa Mama Mudogo Régine,

Jambo sana, mama. Muguu yako iko namna gani? Ile dawa ya kupaka niliyotuma kwa mukono ya Ephraïm ilifika, ao aliisahau tena ndani ya camion yake ya mizigo? Na nkambo, anakula? Umwambie mujukuu wake anamuwaza kila siku.

Huku kwa baba mudogo Adalbert tuko wazima wote, ni vumbi ya Ruashi tu njo inatumaliza. Kila asubui bibi yake ananipigia nguo pasi. Anasema mutu wa biro ya Honorable mbunge hawezi kupanda taxi-bus na nguo ya kukunjana. Bananifurahia sana, mama, na ile furaha yenyewe njo inanichoma.

Unashangaa juu ya nini sikupigii simu. Weye, mama, simu unaiweka haut-parleur, soko nzima ya Kasenga inasikia! Maneno niliyo nayo leo si ya soko. Tafazali, kaa kwanza, usome peke yako.

Unakumbuka namna mulinisindikiza kuja kuanza hii staji ya kujifunza kazi. Misa ya shukrani, bamama wote wa samaki na kitenge moja, ile kuku niliyoshindwa kumaliza juu ya machozi. Ulinipa bahasha na mikono mbili, ukasema: sasa tuko na mutu wetu ndani. Ilikuwa barua yenu kwa Honorable, kumuomba amuzuie yule tajiri wa ma-camion asibanyang'anye bamama pahali pa kukaushia samaki pembeni ya mto. Makopi mbili, kama biro zote zinavyotaka, na majina makumi ine na moja. Wasiojua kuandika balitia alama ya kidole.

Siku yangu ya pili, papa Mardochée, mukubwa wa secrétariat, alinikabidhi muhuri. Kazi yangu njo hii: mutu analeta barua, napiga muhuri juu ya kopi yake, namurudishia, anaenda. Nikaanza na barua yetu. Eh, mama, niliipiga kwa nguvu mpaka meza ilitikisika! Nikakutumia kopi siku ile ile.

Juzi Ephraïm alinielezea kama kopi ile muliifunika na plastiki, mukaitundika pale pa kukaushia, mukacheza. Nilicheka. Kisha akaongeza kama mukubwa wa cité, ule wa muji wetu, alikuja kuonyesha pahali pengine nyuma ya kanisa ya paroisse, mukubali mbele ya mwisho wa mwezi huu, na weye ulimufukuza: enda na kiwanja yako, sisi Honorable amekwisha kutukubalia. Pale kicheko kilinikauka mu kinywa.

Mama, muhuri ule haukubali kitu. Unasema tu barua ilifika, basi. Hata mutu akileta barua ya matusi, nampigia ule ule. Nilipaswa kukuelezea siku ya kwanza. Sikuelezea, juu nilitaka munione nimekuwa mutu mukubwa. Mficha uchi hazai, na miye nilificha.

Barua yenu haijasomwa. Iko ndani ya boksi ya karto chini ya ngazi pamoja na zingine mingi, na kalenda za mwaka uliopita juu yake. Nilimuuliza papa Mardochée ni siku gani Honorable atazisoma. Si mutu mubaya, ananigawiaka mukate yake. Alinitazama na huruma, akasema: «Mutoto, uchaguzi iko mbali.» Kisha akanipa karatasi ya mufano, nipige majibu kwa mashini.

Kwa hiyo siku hizi utapokea barua muzuri, na bendera juu, inayosema maombi yenu yanachunguzwa kwa makini. Usiitundike. Hakuna mwenye kuchunguza. Niliipiga miye, na vidole hivi ulivyofundisha kupasua samaki. Nilipofika kwa jina lako nilisimama, nikaenda mu choo kulia, nikarudi, nikamaliza.

Sasa, tafazali, enda kwa mukubwa wa cité siku ile ile utasoma hii barua, umuombe musamaha, mukubali kile kiwanja mbele ya tarehe 31. Kugombania mto mutaendelea, lakini mukiwa na pahali pa kusimama. Na ile kopi ya plastiki, uishushe weye mwenyewe. Najua utasikia aibu mbele ya bamama. Aibu yote itupe kwangu. Ubaambie ni Syntiche njo alibadanganya.

Leo asubui, papa Mardochée alipotoka kununua mukate, nilitoa barua yenu mu karto, nikaipangusa vumbi, nikaiweka juu ya meza ya Honorable. Atafika lundi, siku ya kwanza ya juma. Atauliza nani ameiweka pale, na nitajibu ni miye. Pengine ataisoma. Pengine staji itaisha mbele ya saa ine. Naogopa sana, mama, na hapa nyumbani sijamwambia mutu. Nguo ya lundi imekwisha kupigwa pasi.

Unisalimie nkambo, Léa na mutoto wake, na bamama makumi ine na moja, jina kwa jina. Sasa nabajua wote kwa kichwa. Mungu aichunge mikono yenu na moto wenu.

Na pale nyuma ya paroisse, mukipima nafasi, unipimie na miye ya kitara kimoja cha kukaushia samaki.

Ni miye mutoto wako, ninayekupenda na kukuomba radhi,
Syntiche