Dawa ya Kisilu

Kileleshwa, 1956

Kwako dada Kasyoka,

Pokea salamu. Mimi ni mzima, na mahindi nyuma ya nyumba yamestawi.

Tangu miguu ya mume wangu Muthama ilegee, binamu yake Kisilu ndiye mpishi wa Mzungu badala yake. Kila Jumapili humletea Muthama dawa ya chupa. Mwezi uliopita chupa ilivunjika, akakaa wiki nzima bila kunywa. Dada, alisimama akatembea mpaka mferejini!

Kisilu alipomwona hakufurahi. Aliuliza tu, "Nani amemwachisha dawa?"

Nikamjibu, "Ilimwagika. Lete nyingine."

Aliyoleta niliimwaga. Sasa Muthama anafanya mazoezi ndani, mlango umefungwa, na Jumapili anajilaza kitandani kama asiyeweza kusimama, akimngoja Kisilu.

Usimwambie mtu huko nyumbani.

Mdogo wako,
Kavata