Hotrodi Nyekundu na Ngoma ya Baba

Jumapili, 29 Juni 2025

Baba amekuja kuniomba gari langu. Hakusema moja kwa moja, kama kawaida yake. Kwanza chai, kisha bei ya pamba, kisha goti lake. Nikajua kuna jambo. Nilipomwambia baba sema tu, akanyoosha kidole kwenye lile turubai pembeni ya karakana.

Hotrodi yangu! Jioni zangu zote za mwaka huu, baada ya kumaliza majiko ya mkaa na ndoo za watu. Ni lile gari la kale la kwenye video za Wazungu, lililokatwa paa, injini nje, matairi ya nyuma mapana na ya mbele membamba. Ukubwa nusu ya gari la kweli. Bodi ni bati la madebe ya mafuta ya kupikia, nimelipiga kwa nyundo ya mpira juu ya gogo mpaka likakubali kupinda. Silinda nane ni makopo ya dawa ya mbu. Mabomba ya moshi nimeyatoa kwenye viti vya chuma vilivyovunjika. Grili ni spoku za baiskeli, nimezilehemu moja moja. Rangi nyekundu, na ndimi za moto za njano ubavuni.

Na linatembea. Mota ya waipa ya lori, betri mbili za pikipiki, mnyororo wa baiskeli. Mwendo wa mtu asiye na haraka.

Baba anataka aingie nalo uwanjani. Yeye ndiye ningi wa kundi lake la Bagika, anatunga nyimbo na kuongoza wachezaji. Mwezi ujao wanakutana na Bagalu pale Lagangabilili: makundi mawili, uwanja mmoja, wakati mmoja, mstari wa chokaa katikati. Watakaozungukwa na watu wengi zaidi ndio washindi. Ndiyo maana kila kundi huja na kioja chake. Watu wameshaleta chatu, wameshaleta fisi wa mbao anayetafuna. Mwaka jana umati wote ulikwenda kwa Boniventura wa Bagalu, ambaye kuimba alifundishwa na baba huyu huyu kabla hajahama. Baba akabaki anaimbia kuku na watoto. Aliisema mwenyewe leo, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Wachezaji wake wamemwambia wazi. Wakishindwa tena, wote wanahamia kwa Boniventura, na yeye aweke chini usinga wa uongozi. Ana miaka arobaini na huo usinga. Sijui atakuwa nani bila huo.

Nimekubali. Sharti moja tu: hakuna dawa ndani ya gari langu. Mimi nimeokoka na baba anajua. Akasema, "Sawa, mayu." Ndivyo anavyoniita, mama, tangu nikiwa mtoto. Alisema haraka mno.

Jumatano, 2 Julai

Wamekuja kulitazama. Kwa siri, eti Bagalu wasisikie — watu tisa na njuga zao mkononi, katikati ya Bariadi mchana kweupe! Anyesi, kiongozi wa wanawake, alilizunguka, kisha akauliza linakula nini. Nikawawashia moshi. Ni mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kopo, na feni ya kompyuta inayosukuma moshi utoke kwenye mabomba yote manane. Walicheka mpaka wakakaa chini. Karakana imenuka zizi hadi jioni na mteja wa ndoo amekataa kuingia.

Masalu hakucheka. Huyu ndiye mganga wao, mtu wa samba, dawa ya kuvuta watu. Aliuliza kitu kimoja tu: boneti inafungukia wapi? Sikulipenda swali lile.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimefunga kazi, tumelipeleka gari nyumbani kwa baba, kijijini Nyakabindi, kulijaribu.

Gari halina dereva wala rimoti. Magurudumu ya mbele nayapinda kidogo upande mmoja, kisha naibana boliti ya usukani, moja, ndani ya boneti. Ukiliwasha linazunguka duara lenyewe. Wachezaji wanacheza ndani ya duara, watu wanalizunguka gari kwa nje. Nilijisifu sana kwa hesabu hiyo.

Mizunguko ya kwanza safi. Anyesi alikuwa anapiga vigelegele. Halafu nikaona duara linapanuka. Likapanuka tena. Mara magurudumu yakanyooka na gari likaenda mbele moja kwa moja, moshi juu, hadi kwenye ua wa minyaa. Ndimi zangu za moto zimechunwa ubavu mzima. Nililia kwa hasira, mbele ya watu.

Boliti inalegea kwa mtikisiko. Ni kosa langu, sikuiwekea nati ya pili. Lakini kilichonitisha alikisema baba, taratibu, akiwa bado ameshika minyaa. Kwamba uwanjani watu hufuata kile kinachowashangaza. Gari likinyooka, litavuka chokaa. Na watu watavuka nalo.

Yaani nitampelekea Boniventura umati kwa mkono wangu!

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata dawa ya boliti kwenye duka la spea za pikipiki. Springi washa, ile pete ya chuma inayozuia nati isilegee, na nati ya pili, basi. Kazi ya muda wa kunywa chai. Nimekwenda Nyakabindi, tulikoliacha gari, nimefurahi kabisa.

Nimekuta boneti imefungwa. Kitambaa cheusi, uzi mwekundu umezungushwa mara nyingi, na kitu kama unga kimepakwa kwenye kila ungio. Masalu alikuja asubuhi. Ameweka samba ndani, kisha akafunga. Hakuna kufungua hadi jua lizame siku ya mashindano. Atakayefungua atakuwa ameibeba hasara yote, yeye na mji wake.

Nikamwuliza baba: si uliniahidi? Akatazama chini. Akasema wachezaji walikataa kuingia uwanjani bila hiyo. Nikamweleza boliti. Nikamwonyesha nati kiganjani. Anaelewa! Aliiona ile minyaa kwa macho yake. Akasema samba itashika magurudumu.

Nikamwambia samba haikazi boliti. Akasema niondoke. Baba yangu hajawahi kunifukuza kwake tangu nizaliwe.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kwa Masalu mwenyewe. Nimesalimia vizuri kwa Kisukuma, mwadila, nimepiga goti. Nimemwomba afungue, nikaze, afunge tena. Hakuwa mkali. Alisema ameona makundi mengi yakiharibikiwa kwa mikono ya watu wasioamini, na akanipa karanga za kula njiani.

Ningeweza kulizuia gari. Ni langu. Lakini bila gari baba ana nini kesho?

Jumamosi, 12 Julai

Lagangabilili. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kreti, juu ya pikapu iliyotuleta, ubavuni mwa gari, kwa sababu kukaa bure siwezi.

Umati kama huu sijawahi kuuona. Ngoma zinapashwa kwenye moto. Boniventura ameleta mamba wa mabua anayefungua mdomo, urefu wa trela. Ni mzuri, sitadanganya. Watu wameanza kumzunguka hata kabla ya filimbi.

Nimefanya. Wakati wachezaji wanavaa, nimeingia chini ya turubai nikakata uzi. Sikuomba hata Mungu, nilikata tu. Ndani kulikuwa na kifurushi kidogo cha ngozi juu ya betri. Sikukigusa. Springi washa, nati ya kwanza. Nilikuwa naibana nati ya pili wakati turubai lilipofunuliwa.

Baba. Aliona spana, akaona uzi. Nilidhani atanipiga mbele ya watu. Aligeuka akanipa mgongo, akatanua joho lake la ngozi, akasimama hivyo hadi nikamaliza. 

Nimefunga uzi upya. Lakini fundo si lake Masalu. Amekuja kulikagua na ameliona hapo hapo. Ameuliza, si kwa kelele, ni nani. Wachezaji wote walikuwa wamesimama. Nimefungua mdomo.

Baba akasema, "Nimefungua mimi."

Mimi siamini uzi ule. Kwangu ni uzi. Lakini baba anaamini, ameamini maisha yake yote, na anajua amebeba nini: hasara yote, yeye na mji wake. Nilitaka kusema hapana, ni mimi. Akanitazama mara moja tu. Nikanyamaza. Nampenda na nimemwonea huruma.

Masalu ameondoka. Wachezaji watatu wamevua njuga pale pale na wamekwenda kukaa kivulini. Wengine wamesimama tu, kila mmoja anamngoja mwenzake. Boliti imekaza. Nina uhakika na boliti kuliko kitu chochote duniani leo, na haisaidii. Gari litazunguka duara zuri, na ndani yake nani?

Baba ameingia uwanjani peke yake. Amesimama nyuma ya chokaa na joho lake, usinga begani, na hajageuka kuangalia kama kuna anayemfuata.

Filimbi hiyo.

Ameinua usinga kwangu. Ni ishara ya kushusha gari. Kulishusha kunataka watu wawili. Nimemwita Anyesi, nimemwita mara mbili. Ameinama pale kando ya wenzake, mikono yake iko kwenye njuga za mguuni. Anakaza au anavua, kutoka hapa sioni.