Kigugumizi cha Damu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa hospitali kama mtuhumiwa! Kitinda mimba wangu, mjamzito wa miezi minne, juzi alipeana mkono na daktari — vidole vikagoma kuachia. Daktari akamuuliza: nani mwingine kwenu yuko hivi? Akanitaja bila haya. Mimi, waliyeniita Koleo uwanjani! Nimedaka mpira timu ya karakana kwa mikono hii. Nikishika nimeshika, refa apulize mpaka mashavu yapasuke. Sisi tukaita kipaji.

Wamenitoa damu. Muuguzi anafinya mshipa kama anakamua ndimu.

Alhamisi, 20 Machi

Majibu. Ugonjwa wa misuli kugoma kulegea ninao. Binti anao kunizidi.

Daktari, mwanamke kijana, anasema ndani ya DNA kuna herufi tatu zinazojirudia. Kila mtu anazo, chache. Zetu zimepita kiasi. Akachomoa pini kwenye nywele zake: mstari ukirefuka sana unajikunja wenyewe, hivi, kama pini. Mwili ukinakili unateleza kwenye hicho kikunjo — unaongeza. Mtoto anapata nyingi kuliko mzazi.

Na mjukuu? Pini ikarudi kichwani polepole. Huenda nyingi zaidi, akasema.

Nikasema, yaani ni kigugumizi cha damu. Daktari akacheka. Binti hakucheka.

Jumapili, 23 Machi

Sikai, sisimami. Mke wangu ameuliza kama nimemeza pia ya watoto, nazunguka nayo.

Daktari anataka kuvuta maji ya mimba kwa sindano, ijulikane kama mtoto anao. Mkwe anataka. Binti hataki. Akanigeukia: Baba, wewe unasemaje? Mimi, mwenye utani mpaka msibani! Nikasema chai imepoa. Mke wangu akanitazama kama nzi aliyetua kwenye hiyo chai.

Jioni binti akanifuata uani. Hanilaumu, anasema. Afadhali angenitukana! Mtoto akizaliwa nao mkali anaweza kushindwa kunyonya, hata kupumua. Kwa hiyo niambie kweli, Baba.

Nikamwambia: mama, mimi ningetaka kujua.

Ndiyo kweli yenyewe? Sijui. Nilitaka tu aache kunitazama.

Jumatano, 26 Machi

Amechomwa sindano. Kwa neno langu.

Jumanne, 15 Aprili

Hospitali. Majibu ya mtoto yametoka, daktari anatungoja chumbani. Mkwe bado yuko njiani. Binti akasimama: twende Baba, si wewe uliyetaka kujua?

Nikasema nakwenda haja mara moja.

Choo cha wanaume, mlango wa mwisho. Komeo bovu, nimeuzuia mlango kwa mguu. Daftari gotini.

Hodi! Ni yeye — ndani ya choo cha wanaume! Kuna mtu anakojoa huko nje, amepiga ukelele. Binti amemjibu aendelee na shughuli yake, hakuja kumkagua. Damu yangu hiyo!

Baba, toka.

Nimesema tumbo linasumbua. Amesema mwenye tumbo hapa ni yeye.

Yule mtu ametoka mbio, hata maji hakufungua. Halafu binti, kwa sauti ndogo, mdomo umegusa mlango: siingii kule bila wewe.

Nimemwambia angoje kidogo, nafunga suruali.

Suruali sijaifungua.